Ghafi si Safi

Kila chombo cha anga kinapotuma picha mpya, hoja moja hurudi mjini. Zipo data za aina mbili, wanasema: za kweli na za kuoneshea watu. Za kweli ni zile ghafi, namba zilivyotoka kwenye kifaa kabla mkono wa mtu haujazigusa. Nyingine ni zile zinazoitwa zilizosahihishwa, na neno hilo hutamkwa kwa kubinua midomo. Zimechakachuliwa, basi.

Wanaosema hivyo si wajinga. Wengi ni watu wanaojua kufungua faili, wanaojua programu za picha kunizidi mimi, na wana sababu zao nzuri za kutozimeza kauli za taasisi kubwa bila kutafuna. Kudai data ghafi iwekwe wazi ni dai la haki kabisa. Kosa linaanza pale ghafi inapopewa kiti cha hakimu. Basi nitazichukua hoja zao moja moja, na mwishoni nina neno na watu wa upande wangu pia.

Kazi ya kulinganisha usomaji wa kifaa na kitu ambacho thamani yake inajulikana, Shirika la Viwango Tanzania huiita ugezi. Nitalitumia neno hilo hilo.

"Namba ghafi ndizo zinazosema kilichopo. Ukizigusa, umetia chumvi."

Tuanzie karibu na nyumbani. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lile la Waitaliano lililosimikwa baharini kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani. Kwenye makaratasi ya NASA iliitwa SAS-1. Marjorie Townsend, mhandisi aliyesimamia mradi, akaipa jina la siku yenyewe: Uhuru.

Sasa tazama Uhuru ilikuwa ikiona nini, kwa maana ya namba. Ndani yake mlikuwa na makasha ya gesi. Eksirei ikipenya kwenye kasha, gesi hutoa mshtuko mdogo wa umeme, na kihesabio kinapanda kwa moja. Hiyo ndiyo data ghafi: mishtuko mingapi kwa sekunde. Lakini chembe zenye nguvu zinazozagaa angani nazo huleta mshtuko. Anga tupu, mahali pasipo na nyota yoyote ya kutajwa, nalo hutoa eksirei hafifu kutoka kila upande. Tena kasha halikuona sawasawa kote. Mbele yake palikuwa na vizuizi vya chuma vilivyoacha mwanya mwembamba, hivyo chanzo kikiwa katikati ya mwanya hesabu hupanda, kikisogea pembeni hushuka mpaka kinapotea. Na setilaiti ilikuwa ikijizungusha polepole muda wote, ili mwanya huo upite juu ya anga.

Msomaji wa namba ghafi angeona kila chanzo kikiwaka na kufifia katika kila mzunguko, akaandika kwamba amepata nyota za ajabu. Ajabu ni ya mwanya. Ndani ya namba hizo hizo, hata hivyo, mlikuwa na kitu kilichowaka na kufifia kwelikweli: Centaurus X-3, kila baada ya sekunde 4.8. Ili kuuamini mpigo wake, ilibidi kwanza ijulikane mwanya unafanya nini kwa hesabu. Kuondoa mchango wa chembe, kuondoa mchango wa anga tupu, kugawanya kwa uwazi wa mwanya: huo ndio ugezi. Ndio uliozaa orodha ya vyanzo 339. Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota iliyolipuka na kuonekana Duniani mwaka 1054, ikawa kigezo cha wote. Mpaka leo watu wa eksirei wakitaka kusema chanzo kina mwangaza kiasi gani, hutaja ni sehemu ngapi za elfu za Kaa.

Mizani ya sokoni iliyowekewa sinia inasoma gramu mia mbili kabla samaki hajawekwa. Mteja anayeshikilia kwamba namba ya kwanza kusomeka ndiyo ya kweli, kwa kuwa haijaguswa, atalipia sinia.

Kamera za anga zina matatizo ya kwao. Kitambuzi cha mwanga hutoa namba hata kikiwa gizani, na namba hiyo hupanda joto likipanda. Pikseli hazilingani kwa usikivu. Chembe ya vumbi iliyotua karibu na kitambuzi huacha alama mahali palepale katika kila picha, iwe picha ya mwezi au ya pete za Zohali. Mwaka 2001, chombo cha Cassini kikiwa bado njiani kwenda Zohali, mojawapo ya kamera zake mbili ilipashwa joto kwa matengenezo ya kawaida, na baada ya hapo nyota zikaanza kuonekana zimezungukwa na ukungu. Uchafu ulikuwa umeganda kwenye kamera. Wahandisi wakaipasha tena, awamu baada ya awamu, hadi ukungu ulipokwisha mwaka uliofuata. Picha za miezi ile ni ghafi kwelikweli. Ukungu uliomo haukuwahi kuwapo angani.

"Ghafi ni ile ambayo haijaguswa kabisa."

Hiyo haipo. Kamera za Cassini zilipima mwanga kwa ngazi 4,096, lakini picha nyingi zilishushwa hadi ngazi 256 ndani ya chombo chenyewe kabla ya kutumwa, kwa kufuata jedwali, kwa sababu njia ya mawasiliano kutoka Zohali ni nyembamba. Nyingine zilibanwa juu ya hapo. Kamera za mlingoti za Curiosity, gari lililoko Mirihi, zina vichujio vidogo vya nyekundu, kijani na buluu juu ya pikseli. Kila pikseli hupima rangi moja tu, na zile mbili nyingine hukisiwa kutoka kwa majirani zake.

Kuna jambo jingine dogo ambalo limezaa makubwa. Picha "ghafi" za magari mengine ya Mirihi, Spirit na Opportunity, zilizokuwa zikiwekwa mtandaoni kila siku, ili umma uzione mapema, zilikuwa zimeshapitishwa kwenye programu iliyotanua mwanga wake: penye giza zaidi pakafanywa peusi, penye mwanga zaidi pakafanywa peupe, kila picha kivyake. Kwa kutazama mawe ilifaa sana. Data ya kupimia iliwekwa mahali pengine, kwenye hifadhi ya Planetary Data System, bila kutanuliwa.

"Walibadilisha rangi ya Mirihi. Anga la kule ni la buluu, na wanajua."

Hii ndiyo mama wa hoja zote, na ina punje ya ukweli, ndiyo maana haifi.

Viking 1 ilitua tarehe 20 Julai 1976. Siku iliyofuata ikatolewa picha ya kwanza ya rangi kutoka ardhi ya Mirihi, na anga lake lilikuwa la buluu. Baadaye picha ikatolewa upya, anga likiwa la rangi iliyokaribia waridi. Carl Sagan, aliyekuwa katika timu hiyo, alisimulia kwamba waandishi wa habari walizomea kwa utani waliposikia masahihisho. Walitaka Mirihi inayofanana na kwao.

Kilichotokea ni hiki. Kamera ya Viking haikupiga picha nzima kwa mkupuo. Kioo kilichokuwa kikiinama na kuinuka kilileta mwanga nukta kwa nukta kwenye vitambuzi vidogo, vingine vimefunikwa kichujio chekundu, vingine kijani, vingine buluu. Vichujio hivyo vilivuja. Mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni, ulipita pamoja na rangi iliyokusudiwa, na Mirihi ni sayari inayorudisha infraredi kwa wingi. Picha ya kwanza ilitengenezwa mbiombio kabla mivujo haijapigiwa hesabu. Kisha wakazitumia picha za vibao vya rangi vilivyofungwa kwenye chombo, vibao ambavyo rangi zake zilipimwa maabara kabla ya safari, na anga likabadilika.

Angalia mfuatano huo vizuri. Picha yenye anga la buluu ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na ghafi. Kosa lilifanyika mbele ya waandishi, likasahihishwa mbele ya waandishi hao hao. Tangu hapo kamera nyingine zimetua, zikiwa na vitambuzi vya aina nyingine na mikononi mwa timu nyingine: Pathfinder mwaka 1997, Spirit na Opportunity mwaka 2004, Curiosity mwaka 2012, na mwaka 2021 Perseverance pamoja na Zhurong ya China. Zote zinaonesha mchana wenye anga la rangi ya vumbi, kati ya manjano na kahawia. Sijui ni kwa hisani gani China ingeitunzia NASA siri ya miaka arobaini na tano.

Januari 2004 hoja ilipata nguvu mpya, safari hii kwa ushahidi wa kushikika. Juu ya sitaha ya Spirit palifungwa kibao cha upana wa sentimita nane hivi, kilichoundwa mithili ya saa ya jua. Katikati kina kijiti kinachotupa kivuli. Kukizunguka kuna duara za kijivu za viwango vitatu, na katika pembe nne kuna vipande vya rangi: buluu, kijani, njano na nyekundu. Watu waliokuwa na picha za kibao hicho kabla ya kuruka walikilinganisha na kilivyoonekana Mirihi, wakaona kwamba kipande cha buluu kimekuwa cha waridi. Waliposema hivyo walisema kweli, kwani katika picha nyingi zilizotolewa siku zile kilikuwa cha waridi.

Kamera ya Spirit ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Mbele yake palizunguka gurudumu la vichujio, na picha ya rangi ilipatikana kwa kupiga tatu kwa vichujio vitatu kisha kuziunganisha. Kwa nafasi ya nyekundu timu mara nyingi ilitumia kichujio cha nanomita 753. Jicho la mtu huanza kuishiwa nguvu karibu na 700, hivyo 753 ni infraredi ya jirani, wala si nyekundu ya macho. Na rangi ya buluu iliyopakwa kwenye kipande kile hung'aa sana katika infraredi, jambo ambalo hakuna jicho lingeligundua Duniani. Katika picha ya nafasi ya nyekundu kikang'aa, katika ile ya buluu kikang'aa pia, na nyekundu na buluu zikikutana huleta waridi. Kwa nini basi wasitumie nyekundu ya kawaida? Walikuwa nayo, nanomita 601, na walipoitumia kipande kilikuwa cha buluu. Lakini madini yenye chuma hutofautiana vizuri zaidi pengo kati ya vichujio likiongezeka, na kwa kuwa kila picha inagharimu muda wa kuituma, wanajiolojia walichagua ile iliyowafaa kwa mawe.

Sasa irudie ile programu ya kutanua mwanga. Mtu alichukua picha tatu "ghafi" kutoka mtandaoni, kila moja imetanuliwa kivyake, akazipanga nyekundu, kijani na buluu, na mbele yake ikatokea Mirihi yenye udongo wa kahawia tulivu na anga la buluu. Ilifanana na jangwa la Arizona. Lazima ifanane, kwa sababu utanuzi huo unaifuta tofauti ya wingi kati ya rangi: wekundu unashushwa, ubuluu unapandishwa, zote zinakaa sawa. Alidhani amefichua siri. Alichofichua ni tabia ya programu.

Wabishi wana hoja nzuri zaidi ambayo sijawahi kuwasikia wakiitumia. Kibao chenyewe kilishika vumbi. Vumbi la Mirihi ni jekundu, likitua juu ya duara za kijivu huzitia wekundu, na ukiendelea kuamini kwamba duara hizo ni kijivu safi utaondoa wekundu kwenye kila kitu, sayari nzima. Timu ililijua tatizo hilo na ikalazimika kukadiria vumbi kadiri miezi ilivyokwenda, ikiliingiza katika hesabu. Hapo pana ubishi halali, kwa sababu makadirio ni makadirio. Kwa Curiosity wakazika sumaku ndogo chini ya kibao. Vumbi lile lina usumaku, likavutwa likakaa pembeni, likaacha vidoa vilivyo safi zaidi vya kupimia. Kamera nyingine ya Curiosity, ile ya kutazama mawe kwa karibu, ilipelekewa hata senti ya Marekani ya mwaka 1909 yenye kichwa cha Lincoln, ili wanajiolojia waone ukubwa wa kitu kwa mazoea yao.

Zipo pia picha ambazo timu huzirekebisha makusudi zifanane na mahali palipoangazwa na mwanga wa mchana wa Duniani, ili macho yaliyozoea mawe ya Duniani yayatambue. Katika hizo anga huelekea buluu. Huo si ugezi. Ni huduma kwa macho ya wanajiolojia, na maelezo yaliyo chini ya picha husema hivyo. Anayekata maelezo akabaki na picha, huyo ndiye mchakachuaji. (Machweo ya Mirihi, kwa kuwa watu huuliza, ni ya buluu kweli kuzunguka jua, kwa namna vumbi laini linavyotawanya mwanga. Picha zilizofanyiwa ugezi ndizo zinazoonesha hivyo.)

"Kwenye picha ghafi kuna vitu wanavyovifuta."

Vipo. Tarehe 2 na 3 Aprili 2014 kamera ya kuongozea ya Curiosity ilituma picha zenye nukta nyeupe ya mwanga karibu na upeo, na ikavuma kwamba kuna taa. Kamera hiyo ina macho mawili. La kulia liliona nukta. La kushoto, lililopiga ndani ya sekunde hiyo hiyo, halikuona kitu. Chembe ya mionzi kutoka anga za mbali ikigonga kitambuzi huacha alama ya namna hiyo, na jua likimulika jiwe nalo huweza, na picha zenye alama kama hizo hufika mara kwa mara. Ule "uso" wa Mirihi uliopigwa tarehe 25 Julai 1976 na sehemu ya Viking 1 iliyobaki ikizunguka angani umetapakaa vidoa vyeusi ambavyo ni data iliyopotea njiani, na kimoja kiliangukia pale ambapo tundu la pua lingekuwa. Ghafi ndiyo iliyoupa uso pua. Chombo cha Mars Global Surveyor kilipopita juu yake mwaka 1998 na tena 2001, kikiwa na kamera bora, palikuwa na kilima.

"Hata wakipata ukweli, kompyuta zao huutupa. Kumbukeni ozoni."

Mfano huu ni mzuri, na anayeuleta amesoma. Mei 1985 Waingereza watatu, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walichapisha katika jarida la Nature kwamba ozoni juu ya kituo cha Halley, Antaktika, ilikuwa ikiporomoka kila Oktoba. Waliligundua hilo kwa kifaa cha ardhini. Wakati huo setilaiti ya Nimbus-7, iliyorushwa Oktoba 1978, ilikuwa ikipita juu ya Antaktika kila siku na kifaa cha TOMS cha kupima ozoni. Ikawaje setilaiti isiseme? Jibu lililoenea ni kwamba programu ya NASA ilizifuta namba za chini kwa kuzidhania kosa.

Haikuzifuta. Iliziwekea alama. Usomaji wowote chini ya vipimo 180 vya Dobson ulitiwa alama ya shaka, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuona ozoni ya chini kiasi hicho, na namba zenyewe zikahifadhiwa. Wanasayansi wa NASA waliona alama zikirundikana juu ya Antaktika, wakatafuta kipimo cha ardhini cha kulinganishia, wakakuta kile cha Ncha ya Kusini kikisoma karibu 300. Kumbe hicho ndicho kilichokuwa kimekosea. Kwa hiyo wakachelewa. Makala ya Farman ilipotoka, data zote tangu 1978 zilikuwapo, na mwaka 1986 Richard Stolarski na wenzake wakachapisha ramani zilizoonesha shimo lenyewe, pana kama bara.

Lawama ipo: kizingiti cha 180 kiliwekwa na watu, nacho kiliwafumba macho kwa muda. Hilo silitetei. Lakini mwenye kuleta mfano huu kama ushahidi dhidi ya ugezi husahau upande wa Halley. Farman naye hakukiamini kifaa chake kichwa kichwa. Kilipelekwa kingine kukihakiki kabla ya kuchapisha. Namba zilizoishtua dunia zilikuwa zimefanyiwa ugezi.

"Kama ugezi wenyewe hubadilika, mtauaminije?"

Hapa nakubali nusu. Hubadilika, na wakati mwingine hukosewa vibaya.

Tangu mwishoni mwa 1978 setilaiti za hali ya hewa za Marekani zimekuwa zikipima mawimbi ya mikrowevu yanayotoka kwenye oksijeni ya hewa, na kutokana nayo joto la tabaka za anga. Katika kila duru kifaa hutazama pia vitu viwili vya kujipimia: anga la mbali, lenye baridi ya karibu nyuzi 270 chini ya sifuri, na kipande cha joto ndani ya setilaiti ambacho kina vipimajoto vyake. Kwa ncha hizo mbili, namba ghafi hugeuzwa kuwa nyuzi. Ni ugezi mzuri, wa kila sekunde chache. Roy Spencer, wakati huo wa NASA, na John Christy wa Chuo Kikuu cha Alabama huko Huntsville waliutumia kutengeneza mfululizo wa joto uliochapishwa mwaka 1990, na mfululizo huo ukapendwa sana na wenye shaka juu ya ongezeko la joto duniani, kwa sababu ulionesha ongezeko dogo.

Mwaka 1998 Frank Wentz na Matthias Schabel wakaonesha kwamba setilaiti zilikuwa zikishuka kidogo kidogo, na kushuka huko kuliingiza baridi ya uongo. Mwaka 2005 Carl Mears na Wentz wakakuta kosa jingine. Setilaiti hizo huchelewa polepole, zikawa zinapita juu ya mahali palepale saa tofauti ya siku mwaka hadi mwaka, na marekebisho yaliyotumika kwa jambo hilo yalikuwa yamewekwa kinyume: palipotakiwa kujumlisha, pametolewa. Spencer na Christy walikubali. Ongezeko lao kwa muongo likapanda kutoka kama nyuzi 0.09 hadi 0.12.

Mpinga ugezi angeweza kusema: mnaona? Lakini uliza kosa lilijulikanaje. Kundi jingine lilichukua data ghafi zile zile, likapita njia yake, likafika pengine, kisha likarudi nyuma hatua kwa hatua kutafuta walipoachana. Kosa lilipatikana kwa sababu hatua ziliandikwa. Kwa mtu aliyebaki na namba ghafi peke yake, kushuka kwa setilaiti kungebaki ndani ya namba milele, na kusingeonekana kama kosa.

Darubini ya James Webb ilipitia jambo hilo kwa kasi zaidi. Picha za kwanza zilitolewa tarehe 11 na 12 Julai 2022, na ndani ya siku chache watu walikuwa wameandika makala kuhusu galaksi za mbali mno. Walitumia ugezi uliofanywa kabla ya kuruka. Mwisho wa Julai ukatolewa ugezi mpya uliopimwa angani kwa nyota zinazojulikana, usikivu wa baadhi ya vitambuzi ukaonekana si ule uliodhaniwa, na makadirio kadhaa ya mwangaza na umbali ikabidi yapigwe upya. Waliokimbia walirudi kusahihisha. Haikuwa siri. Faili yenyewe husema imetengenezwa kwa toleo gani la ugezi, na ghafi yake ipo pembeni, ikiwa na jina linalomalizikia "uncal", kwa yeyote anayetaka kuianza kazi upya.

Sasa watu wa upande wangu. Kuna wahandisi na wakuu wa maabara ambao, baada ya kuyasema yote haya, huona kwamba data ikishafanyiwa ugezi ile ghafi ni mzigo wa diski tu. Hoja hiyo nayo ni mbovu, na madhara yake ni makubwa kuliko ya anga la buluu, kwa sababu aliyefuta hawezi kurudi.

Pioneer 10 na Pioneer 11, zilizorushwa mwaka 1972 na 1973, zilipokuwa mbali kupita sayari kubwa zilionekana zikipungua mwendo kuliko sheria za uvutano zinavyotaka, kwa kiasi kidogo mno: chini ya sehemu moja ya bilioni ya mita kwa sekunde, kila sekunde. Watu wenye akili timamu walianza kuandika kuhusu fizikia mpya. Slava Turyshev wa maabara ya JPL na wenzake wakaenda kutafuta data za zamani, zile za mawimbi ya redio kwenye tepu za sumaku ambazo mashine za kuzisomea zilikuwa adimu, pamoja na taarifa za hali ya chombo: joto la sehemu mbalimbali, umeme uliotumika. Taarifa hizo hakuna aliyekuwa amezifanyia ugezi kwa ajili ya kupima uvutano, kwani hazikutumwa kwa kazi hiyo. Zilikuwa namba za matengenezo. Kwa hizo walitengeneza mfano wa namna joto lilivyotoka chomboni, na mwaka 2012 wakachapisha jibu: joto la betri za nyuklia na la vifaa vya umeme lilitoka zaidi upande mmoja, likakisukuma chombo taratibu kurudi upande wa jua. Sheria za uvutano zilikuwa salama.

Somo hilo linatuhusu na sisi. Kenya ilirusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023, setilaiti ya kutazama ardhi. Mtu wa kilimo anayetaka kulinganisha shamba la mwaka huu na la mwaka ujao anahitaji picha iliyofanyiwa ugezi, la sivyo atalinganisha uchakavu wa kamera na kuuita ukame. Mtu atakayekuja miaka kumi baadaye na swali ambalo leo halijaulizwa atahitaji ghafi, joto la kitambuzi wakati wa kupiga, jedwali la kubana picha, na picha za gizani. Vyote hivyo vinaenea kwenye diski ya bei ya kawaida, na wakati wa kuamua vinakaa wapi na nani ana ufunguo ni kabla setilaiti haijaungua ikirudi angani mwetu.